Picha ya kisiwa kutoka angani, picha ya jengo kutoka chini: namna ya kuzipata na kuzioanisha

Haipiti wiki sijaulizwa. "Picha hii ya Unguja kutoka angani ni ya leo?" "Mbona nyumba yetu haionekani?" "Mbona kwenye simu yangu Beit al-Ajaib bado imesimama, na hali ilishaanguka?" (Beit al-Ajaib ni lile jumba la kale la Forodhani, Mji Mkongwe, ambalo sehemu yake ilianguka Disemba 2020.) Wengine wamekuta picha ya zamani katika sanduku la bibi, wanataka kujua ni ya mwaka gani na ilipigwa kutokea upande upi. Nimeona bora niyajibu yote pamoja. Ukifuata hatua hizi utamaliza na jozi: picha moja ya mahali kutoka juu na picha moja ya jengo la mahali hapo kutoka chini, zote mbili na tarehe na kodineti zake, yaani zile namba mbili zinazoonyesha mahali palipo.

Kwa nini jozi? Chukua msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini ya Unguja. Kutoka juu ni paa la bati, halina tofauti na mapaa ya majirani. Ingia ndani, utakuta mihrabu yenye maandishi ya Kikufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, na mwaka umetajwa: 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Setilaiti haiwezi kukuonyesha hayo. Na ukiipiga picha mihrabu peke yake, asiyekujua hatajua msikiti uko wapi, umbali gani na bahari, kijiji kimeuzunguka vipi. Kila picha inajua lisilojulikana na mwenzake.

Vitu vya kuwa navyo

- Simu yenye kamera na GPS. Ya kawaida inatosha.
- Kompyuta, hata ya kuazima kwa saa mbili. Simu inaweza kazi nyingi, lakini kutafuta kisiwa kati ya mawingu kwenye kioo kidogo kunachosha macho.
- Bando la kutosha. Kipande ulichokikata mwenyewe ni megabaiti chache. Faili zima la Sentinel-2, setilaiti za Ulaya zinazopiga picha za Dunia, linaweza kukaribia gigabaiti moja. Anayeanza halihitaji faili zima.
- Google Earth kwenye simu, au Google Earth Pro kwenye kompyuta.
- Akaunti ya bure ya Copernicus Browser, tovuti ya Ulaya yenye picha za setilaiti za Sentinel.
- Kalenda ya mwezi wa Kiislamu. Utaona kazi yake hatua ya nne.
- Daftari na kalamu. Usiliache nyumbani ukidhani simu itakumbuka.

Nadharia kidogo, basi

Picha yoyote ya kidijitali ni vijiraba vidogo vinavyoitwa pikseli. Picha za Sentinel-2 zina pikseli ya mita 10: kila kilichomo ndani ya mita 10 kwa 10 kinakuwa rangi moja. Landsat, setilaiti za Marekani, ni mita 30, lakini kumbukumbu zake zinarudi hadi 1972. Google Earth inaonyesha hadi gari, ila imeunganishwa kwa vipande vya tarehe mbalimbali, kwa hiyo mtaa mmoja unaweza kuwa wa mwaka huu na wa pili wa miaka mitatu nyuma. Picha za wanaanga ni jambo jingine kabisa: mtu ameshika kamera dirishani kwenye kituo cha anga cha kimataifa, kilomita kama 400 juu yetu.

Hatua kwa hatua

1. Chagua jengo moja na uandike kodineti zake.

Moja tu. Usianze na Mji Mkongwe mzima. Kwenye Google Earth, weka kidole juu ya jengo ukishikilie, namba mbili zitatokea. Beit al-Ajaib ni takriban -6.161, 39.189. Ya kwanza ni latitudo, ya pili ni longitudo.

*Tahadhari:* ile alama ya kutoa mbele ya 6 ndiyo inayosema tuko kusini ya ikweta. Ukiisahau utapelekwa Ethiopia. Ukizigeuza namba, ya pili ikaja mwanzo, utajikuta Hispania. Watu wengi wanaonilalamikia kwamba "tovuti ni mbovu" wamefanya moja kati ya haya mawili.

2. Jifunze alama za kukuongoza.

Usiitafute Beit al-Ajaib moja kwa moja kwenye pikseli za mita 10. Pale ni vijiraba vichache tu vya kijivu. Tafuta kwanza vitu vikubwa. Unguja Mjini, alama niipendayo ni majumba ya Michenzani: yale magorofa marefu yamepangwa kama msalaba, na msalaba huo unaonekana kutoka angani bila taabu. Magharibi yake ni Mji Mkongwe, kama pua iliyochomoza baharini, ncha yake Shangani. Kusini utaona mstari ulionyooka wa uwanja wa ndege, urefu wake zaidi ya kilomita tatu. Mstari huo ni kipimo kizuri: kwenye Sentinel-2 unapaswa kuwa na pikseli mia tatu na kidogo. Nje baharini hesabu visiwa: Chapwani, Changuu, Bawe, na Chumbe huko kusini.

Pemba, anza na rangi ya maji. Mkondo kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi, umejaa mafungu ya mchanga, kwa hiyo rangi ni ya feruzi na mabaka meupe. Mkondo wa Pemba ni wa kina kirefu, mamia ya mita, na kwenye picha ni buluu iliyokoza hadi karibu na ufukwe. Kaskazini magharibi, kijani kizito ni msitu wa Ngezi. Magharibi ya Chake Chake kuna ulimi mwembamba wa nchi unaoingia baharini: Ras Mkumbuu.

3. Tafuta siku isiyo na mawingu.

Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Setilaiti hizi hupita juu yetu kati ya saa nne na saa tano asubuhi. Saa hiyo jua limeshaichoma nchi kavu lakini bahari bado ina ubaridi wake, na mawingu madogo huota juu ya kisiwa chenyewe. Ndiyo maana utaona picha ambayo bahari yote iko safi na Unguja imefunikwa kama imetandazwa pamba. Si bahati mbaya yako. Masika, Machi hadi Mei, usijisumbue sana. Vuli ni bahati nasibu. Januari na Februari, na tena Juni hadi Septemba, ndiyo miezi ya kuvua.

Kwenye Copernicus Browser chagua Sentinel-2, daraja la L2A, ambalo limeshasafishwa ukungu wa hewa. Kisha weka kiwango cha juu cha mawingu. *Kosa kubwa la wanaoanza:* kuweka asilimia 5 au 10. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa kipande kizima chenye upana wa kilomita zipatazo 100, pamoja na bahari na pengine bara. Kipande chenye mawingu asilimia 40 kinaweza kuwa na Mji Mkongwe ulio wazi kabisa. Weka 50, kisha pitia picha moja moja kwa macho. Ni kazi ya dakika ishirini, na hizo dakika ishirini zina thamani.

Ukipata siku nzuri, andika tarehe daftarini papo hapo, kabla hujafanya lolote.

4. Soma saa, kisha soma maji.

Saa iliyoandikwa kwenye picha ni ya kimataifa, si yetu. Ongeza saa tatu. Ikiandikwa 07:40, kwetu ni 10:40, yaani saa nne na dakika arobaini asubuhi.

Sasa fungua kalenda ya mwezi. Wanaolima mwani Paje na Jambiani hawahitaji kuelezwa haya: siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, maji huwa yamekupwa saa nne, saa tano asubuhi. Ni saa ile ile setilaiti inapopita. Kwa hiyo picha ya bamvua itakuonyesha pwani ya mashariki ikiwa imeanikwa, mchanga na matumbawe hadi karibu na mwamba mkubwa. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, saa hiyo hiyo bahari imejaa hadi ufukweni.

*Tahadhari:* nimewahi kuletewa picha mbili za Chwaka, moja ya zamani na moja mpya, na kijana aliyezileta ana uhakika kwamba bahari imekula ardhi. Tulipoangalia kalenda, ya kwanza ilikuwa ya tarehe 15 ya mwezi wa Kiislamu, yaani bamvua, na ya pili ya tarehe 8, maji mafu. Ukitaka kulinganisha ufukwe wa mwaka huu na wa zamani, linganisha bamvua na bamvua. Mmomonyoko upo kweli katika fukwe zetu, na ndiyo sababu tusiuthibitishe kwa ushahidi mbovu.

5. Tafuta picha ya mwanaanga.

NASA ina hazina ya wazi ya picha walizopiga wanaanga tangu safari za mwanzo za miaka ya 1960. Unaweza kutafuta kwa kodineti. Kila picha ina namba yake, tarehe, saa ya kimataifa, urefu wa lenzi, na mahali chombo kilipokuwa. Soma hili la mwisho kwa makini: mwanaanga anaweza kuwa juu ya bara na kamera yake imeelekezwa baharini, kwa hiyo kisiwa kimelala ubavu, kimefupishwa upande mmoja.

Kaskazini si lazima iwe juu. Hata ile picha mashuhuri ya Dunia nzima, iliyopigwa na wanaanga wa Apollo 17 tarehe 7 Disemba 1972 kutoka umbali wa kilomita kama 29,000, ile yenye Afrika katikati, kwa asili ilikuwa na kusini juu, iligeuzwa baadaye. Kwa hiyo zungusha picha mpaka Pemba ikae kaskazini ya Unguja ndipo uanze kusoma.

6. Rudi Google Earth kwa jengo lenyewe.

Kwenye Google Earth Pro kuna kitufe chenye sura ya saa juu ya dirisha. Kibonyeze, utapata mstari wa miaka. Uvute taratibu juu ya Forodhani na uangalie tarehe inayobadilika. Utaiona Beit al-Ajaib ikiwa na mnara wake, kisha baada ya 25 Disemba 2020 utaona pengo la upande wa baharini. Andika tarehe ya picha ya mwisho iliyo nzima na ya kwanza yenye pengo.

Kwa mashamba na vijiji, kuna hazina ambayo watu wetu hawaitumii vya kutosha. Kuanzia 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walivipiga picha visiwa vyetu kwa droni, na picha hizo ziliwekwa wazi katika OpenAerialMap, tovuti ya bure ya picha za angani. Pikseli zake ni sentimita chache. Unaona ngalawa moja moja zilizopandishwa mchangani. Ni kazi ya mikono ya vijana wetu, itafuteni.

7. Kata, hifadhi, ipe jina.

Kata eneo unalolihitaji na lihifadhi. Jina la faili liwe na vitu vitatu kwa mpangilio huu: mahali, tarehe, chanzo. Kwa mfano: forodhani_2019-08-14_sentinel2. Mwaka uanze, mwezi ufuate, siku iwe mwisho. Hivyo faili zitajipanga zenyewe. Usiache jina kama picha1 au mpya_kabisa.

8. Sasa toka, nenda chini.

Washa kibali cha mahali kwenye kamera ya simu kabla hujaondoka. Piga picha moja ya majaribio nyumbani, ifungue maelezo yake, uhakikishe kodineti zimo.

Chagua saa kwa mwelekeo wa jengo. Uso wa Beit al-Ajaib na wa Ngome Kongwe umeelekea baharini, yaani magharibi. Asubuhi jua liko nyuma ya jengo na uso wote ni kivuli. Nenda baada ya Alasiri. Jua la saa kumi na nusu linapiga ukutani na kila ufa unasomeka. Piga ya kwanza kutoka mbali, jengo zima na anga kidogo. Ya pili, kona, ili pande mbili zionekane. Halafu sogea: mlango, nakshi, jiwe lililobanduka chokaa. Weka mkono au rula pembeni ya ufa ili mtu ajue ukubwa wake.

Katika daftari andika umesimama wapi kwa maneno ya kawaida: "mbele ya lango la Ngome, mgongo kwenye ukuta wa bustani." GPS ya simu katika vichochoro vya Mji Mkongwe hukosea kwa sababu kuta ndefu zinaziba anga. Maneno yako yatakuwa sahihi kuliko namba.

Ras Mkumbuu ndiko nilikojifunza hili. Tulitoka Wesha kwa mashua na nahodha mtu mzima sana. Kutoka angani pale ni kijani tupu, mikoko na miti, hakuna dalili kwamba chini yake kuna msikiti wa mawe na makaburi ya nguzo. Nilikuwa na picha ya setilaiti mkononi na nilipita mita chache kutoka kwenye kaburi bila kuliona. Mzee akaniita: "Mwanangu, rudi nyuma. Umelipita." Akafunua majani kwa panga, nguzo ikatokea. Akaniambia, "Weka alama yako hapa hapa. Mvua ikinyesha, hata mimi nitalitafuta." Niliweka simu juu ya jiwe nikangoja dakika mbili mpaka GPS itulie, ndipo nikaandika namba. Fanya hivyo kila ulipo chini ya miti.

*Tahadhari za chini:* msikiti ni msikiti hata ukiwa gofu, na kaburi ni kaburi. Omba ruhusa, vua viatu panapostahili, usipande juu ya ukuta. Usimpige mtu picha kabla hujamuuliza. Bandari, kambi na majengo ya vyombo vya ulinzi usiyaelekezee kamera kabisa. Penye uzio wa ujenzi baki nje. Na droni haitarushwa bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga.

9. Kama una picha ya zamani, itafutie umri.

Usianze na karatasi wala fremu. Anza na kilichomo. Beit al-Ajaib ilijengwa 1883 wakati wa Sultan Barghash bin Said. Zamani mnara ulisimama peke yake mbele ya jengo, upande wa baharini. Uliharibiwa katika mashambulizi ya manowari za Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896, na baada yake ukajengwa mnara wa saa kwenye uso wa jengo lenyewe. Basi angalia: mnara ukiwa umejitenga, picha ni ya kabla ya 1896. Ukiwa umeshikamana na jengo, ni ya baadaye. Kasri la Maruhubi vilevile: liliungua 1899, kwa hiyo picha yenye paa na roshani ni ya kabla ya hapo, zilizobaki leo ni nguzo na kuta.

Ukishapata kikomo cha chini na cha juu, andika vyote viwili: "kati ya 1883 na 1896." Hiyo ni tarehe halali. Mwaka mmoja wa kubahatisha si halali.

10. Zioanishe.

Weka picha ya juu na ya chini katika folda moja yenye jina la jengo, pamoja na faili fupi la maandishi: kodineti, tarehe za picha zote mbili, ulisimama wapi, uliangalia upande gani, nani alikuwepo kukueleza. Kwenye picha ya juu chora mshale mdogo kutoka uliposimama kuelekea jengo. Mshale huo utamwokolea mwenzako nusu siku.

Ukikwama

*Picha imejaa weupe baharini na si mawingu.* Ni mng'ao wa jua juu ya maji, hutokea zaidi miezi ambayo jua liko karibu na utosi. Jaribu Juni au Julai.

*Nyumba yetu haionekani.* Kwenye Sentinel-2 haitaonekana, ni ndogo kuliko pikseli mbili au tatu. Tumia Google Earth au picha za droni.

*Jengo liko pembeni kidogo ya kodineti zangu.* Mita tano au kumi ni kawaida ya simu. Zikizidi hamsini, rudi hatua ya kwanza uangalie tarakimu.

*Nilimtumia mwenzangu kwa WhatsApp, kodineti zimepotea.* WhatsApp huipunguza picha na kuondoa maelezo yake. Itume kama faili, si kama picha. Hili limenigharimu. Miaka mingi kabla ya jengo kuanguka nilipiga picha ya nguzo za mbele za Beit al-Ajaib, nikamtumia dada yangu, kisha simu yangu ikafa. Baada ya Disemba 2020 nilimwomba anirudishie. Ilirudi, nguzo zote zimesimama, lakini tarehe iliyomo ni ya siku aliyoipakua. Mpaka leo siwezi kusema ni ya mwaka gani, na kwa fundi anayetaka kujua ufa ulianza lini, picha ile haimsaidii kitu.

*Naruhusiwa kuichapisha?* Picha za NASA na Landsat kwa kawaida ni za umma, taja chanzo. Za Sentinel ni za bure pia, andika kwamba ni data ya Copernicus Sentinel na mwaka wake. Za Google Earth usifute maandishi ya chanzo yaliyo pembeni, wala usiziuze. Picha ya sanduku la bibi, muulize bibi, na jina lake uliandike kama ataridhia.

*Nihifadhi wapi?* Sehemu mbili zisizo chumba kimoja. Moja kwenye diski au flashi nyumbani kwako, nyingine kwa ndugu aliye mbali au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Joto na chumvi ya hewa yetu huharibu vifaa upesi, kwa hiyo kila kaskazi inapoanza fungua folda zako na ujaribu faili mbili tatu kama bado zinafunguka.